Mkimbizi Ni Nani, Mtoro Ni Nani? Funzo la Benaco



Kuna swali moja ambalo watu hupenda kuulizana kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala. Mtu anatuhumiwa kwa jambo zito. Pengine ni biashara ya dawa za kulevya, pengine ni wizi wa mali ya umma, pengine ni mauaji. Kabla mkono wa sheria haujamfikia, anavuka mpaka. Miezi michache baadaye habari zinaletwa kwamba yuko nchi fulani, ana nyumba, ana shughuli zake, na ana watu wa kumwamkia asubuhi na jioni. Hapo ndipo swali linapozuka: huko aliko, wenyeji hawamwoni? Na kama wanamwona, wanangoja nini?

Wengi wangetarajia nilijibu swali hili kwa kutaja Mombasa na ukoo wa Akasha. Na kweli habari ile ina mafunzo yake. Baba wa ukoo ule aliuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwezi Mei 2000, mbali na nyumbani. Wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walichukuliwa Kenya Januari 2017 wakapelekwa New York, wakakiri makosa ya dawa za kulevya, na Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Agosti 2019. Dola kubwa ilipoamua kwamba inawataka, iliwapata.

Lakini leo nakuomba tugeuze shingo, tutazame upande wa magharibi ya nchi yetu, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko swali hili halikuja kwa sura ya mtu mmoja mwenye pasipoti ya bandia. Lilikuja kwa miguu, limebeba mikeka na masufuria, likiwa limechanganyika na watoto, wazee na wajawazito. Na sisi Watanzania ndio tuliokuwa wenyeji.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Ngara ni wilaya ya pembeni kabisa. Upande mmoja imepakana na Rwanda, upande mwingine Burundi. Biharamulo iko nyuma yake, kuelekea mashariki, ndiyo njia ya kutokea mpakani kwenda Mwanza na Kahama. Wahangaza na Washubi wa Ngara wakisema lugha zao, Mrundi anawasikia bila mkalimani, na Mnyarwanda naye hapotei sana. Sehemu ya Bugufi ilihesabiwa kuwa ya Urundi kabla wakoloni hawajaichora upya ramani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Na pale Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera, ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovuka kuingia Rwanda mwezi Mei 1894. Kwa hiyo mpaka ule umewekwa juu ya watu waliokuwa wakijuana tangu zamani.

Wala ukimbizi haukuwa jambo geni huko. Baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata, Watutsi wengi walikimbilia Tanganyika, na baadhi yao wakapewa makazi Muyenzi, huko huko Ngara. Walilima, wakazaa, wakasomesha. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huitoa kwa waliowatendea wema wakimbizi. Hii ndiyo nchi iliyokuwa ikijulikana duniani kwa kauli ya mgeni njoo mwenyeji apone.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 6 Aprili, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa mjini Kigali. Alikuwa akitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi, na ndani ya ndege hiyo alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Usiku ule ule mauaji yakaanza. Katika muda wa siku mia moja hivi, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki waliuawa kwa idadi ambayo Umoja wa Mataifa huikadiria kuwa zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni moja. Maiti zilitupwa mtoni, mto Kagera ukazibeba hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakawa kazi yao kuopoa maiti badala ya samaki. Makaburi yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo mpaka leo.

Ilipofika mwisho wa mwezi Aprili, majeshi ya RPF yalikuwa yakikaribia Rusumo. Tarehe 28 na 29, daraja lilifurika. Katika muda wa kama siku moja, watu waliokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000 waliingia Ngara. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema halijapata kuona kundi kubwa kiasi kile likivuka mpaka kwa kasi ile. Watu hao walipelekwa mahali panapoitwa Benaco, kilomita zisizofika 30 kutoka darajani, jina lililobaki kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Katika majuma machache Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Watu wakatania kwamba Tanzania imepata mji wa pili kwa ukubwa bila kuweka jiwe la msingi.

Sasa tega sikio, msikilizaji, maana hapa ndipo penye kiini cha habari.

Waliovuka daraja lile wengi wao hawakuwa wakikimbia wauaji. Walikuwa Wahutu wakilikimbia jeshi la RPF. Wengi walikuwa wakulima wasio na hatia, walioambiwa na viongozi wao kwamba wakibaki watauawa. Lakini katikati yao, na mara nyingi mbele yao, walikuwapo wale wale waliopanga na kuongoza mauaji. Walivuka pamoja na watu wa komuni zao, wakiwa na orodha zao, wapambe wao na vyeo vyao. Komuni ya Rwanda ilikuwa na mkuu wake, waliyemwita burugumesitiri. Mtu huyo alikuwa na uzito mkubwa: alisimamia polisi wa komuni, aliandikisha watu, alijua nani anakaa wapi na ni wa kabila gani.

Basi mashirika ya misaada yalipofika Benaco na kukuta bahari ya watu, yalifanya kile ambacho yeyote mwenye haraka angekifanya. Yaliuliza: viongozi wenu ni akina nani? Viongozi wakajitokeza. Kambi ikapangwa kwa komuni, kila komuni na eneo lake. Chakula kikatolewa kwa viongozi wa komuni ili wao wawagawie watu wao. Kwa hesabu za karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwa hesabu za madaraka, ulikuwa ni kumrudishia burugumesitiri kiti chake, safari hii kikiwa kimewekwa juu ya magunia ya mahindi na maharage. Anayegawa chakula ndiye anayeamua nani ale. Anayeamua nani ale ndiye anayeamua nani aseme. Tena viongozi hao waliongeza majina, na watu walipohesabiwa upya baadaye mwaka huo, idadi ilishuka kwa makumi ya maelfu. Tofauti ile ilikuwa chakula, na chakula kile kilikuwa fedha na utii.

Nitawataja wawili tu, ambao habari zao zimepita mahakamani na kuamuliwa.

Wa kwanza ni Jean-Baptiste Gatete. Huyu alikuwa burugumesitiri wa Murambi, mashariki ya Rwanda, kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Mwaka 1994 alikuwa mkurugenzi katika wizara ya wanawake na familia. Naam, wanawake na familia. Mahakama ilikuja kuthibitisha kwamba katika siku chache za Aprili 1994 alihusika na mauaji katika eneo la Rwankuba, kisha parokia ya Kiziguro, kisha parokia ya Mukarange, ambako watu walikuwa wamekimbilia kwa kuamini kwamba nyumba ya Mungu haivunjwi. Baada ya hapo alivuka mpaka, akafika Benaco, akahesabiwa mkimbizi kama wengine.

Katikati ya Juni 1994 wafanyakazi wa misaada walimtambua na wakataka aondolewe kambini. Habari zilipoenea, umati wa maelfu ya watu wenye mapanga, marungu na mawe ukazizingira ofisi za watoa misaada. Polisi wetu, waliokuwa wachache mno mbele ya umati ule, walipiga risasi hewani. Kazi za misaada zikavurugika, na mashirika yakasema hayawezi kuendelea kama watu wa namna ile ndio wanaotawala kambi. Mwishowe serikali ilimtoa Gatete kambini pamoja na wenzake wachache. Lakini hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Alitoka Tanzania akaendelea na safari yake ya uhamishoni, mpaka alipokamatwa Congo-Brazzaville mwezi Septemba 2002, miaka minane baadaye.

Wa pili ni Sylvestre Gacumbitsi. Huyu alikuwa jirani yetu hasa, kwani aliiongoza komuni ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja, tangu mwaka 1983. Katika komuni yake ndiko liliko kanisa la Nyarubuye. Kuanzia tarehe 15 Aprili 1994 maelfu ya watu waliokuwa wamejificha pale walishambuliwa kwa risasi, mabomu ya mkono na mapanga. Mahakama ilithibitisha kwamba Gacumbitsi aliongoza shambulio lile, na kwamba alizunguka na kipaza sauti akiwachochea watu wawabake wanawake wa Kitutsi. Majuma mawili baadaye alikuwa Benaco, katikati ya watu wake. Fergal Keane, mwandishi wa BBC, alikwenda Nyarubuye, akaziona maiti, kisha akamkuta Gacumbitsi kambini na kumwuliza maswali mbele ya kamera. Alikana. Baadaye mwandishi huyo alikwenda kutoa ushahidi mahakamani Arusha. Sisi watu wa vyombo vya habari tuna la kujifunza hapo: kinasa sauti na daftari si vitu vya kuchezea, siku moja vinaweza kuitwa kizimbani.

Turudi kwenye swali letu: wenyeji hawakumwona? Walimwona. Basi kwa nini hakukamatwa?

Haitoshi kusema kwamba serikali ilizembea. Tuwe waadilifu. Sheria ya mambo ya wakimbizi ilikuwapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, yote miwili inasema wazi kwamba mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu dhidi ya binadamu hastahili hifadhi ya mkimbizi. Kwa maneno mengine, dunia ilikwisha kutofautisha mkimbizi na mtoro tangu zamani. Mkimbizi anaikimbia dhuluma. Mtoro anaikimbia haki.

Lakini sheria inataka mikono. Ili umtenge mmoja katika watu laki tatu, unahitaji maofisa wa kuwahoji, mashahidi wasioogopa kuuawa usiku, na polisi wa kuwalinda. Ngara haikuwa na kimojawapo kwa kiasi cha kutosha. Kisha jiulize: Gatete akikamatwa mwezi Juni 1994, apelekwe kwa nani? Sheria ya kurudishana wahalifu hudai nchi inayomtaka mtu iandike maombi. Rwanda mwezi ule ilikuwa bado na serikali ya muda ya watu wale wale waliokuwa wakiendesha mauaji. Kigali ilitekwa na RPF tarehe 4 Julai, na serikali mpya ikaapishwa tarehe 19 Julai. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, na uamuzi kwamba makao yake yawe Arusha ulitolewa Februari 1995. Kwa hiyo katikati ya mwaka 1994 palikuwa na mtuhumiwa, palikuwa na tuhuma, lakini hapakuwa na kiti cha hakimu. Na mtuhumiwa asiye na hakimu ana njia mbili tu: ama auawe na umati, ama aende zake.

Ndiyo maana nasema habari ya mtoro aliye uhamishoni haihusu ujanja wake peke yake. Mtoro huishi katika mianya. Huishi katika mwanya ulioko kati ya sheria za nchi mbili, na kati ya huruma ya mwenyeji na woga wa majirani zake. Awe ni mfanyabiashara wa dawa za kulevya au muuaji wa kanisani, dawa yake ni ile ile: watu wanaomtegemea kwa chakula au fedha, na serikali isiyo na pa kumpeleka.

Baadhi ya watoa misaada waliona hawawezi kuendelea. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Zaire mwezi Novemba 1994 na za Tanzania mwezi Desemba, likisema misaada inawanenepesha waliofanya mauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye kipindupindu hana komuni. Mimi sioni rahisi kuwahukumu hawa wala wale. Wote walikuwa wakilitazama jambo moja kwa pande mbili.

Na wenyeji je? Mkulima wa Ngara na Biharamulo hakuulizwa. Mwanzoni kulikuwa na biashara: ndizi zilinunuliwa, vijana walipata kazi kwenye mashirika, magari meupe yalijaa barabarani. Kisha gharama zikaanza kuonekana. Kuni zilizochomwa katika kambi za Kagera zilipita tani 1,000 kwa siku moja, na vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Mihogo na ndizi zikaibwa mashambani. Wanyama wa mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo wakawa kitoweo. Bunduki zikavuka mpaka, na kwa miaka mingi baadaye mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye silaha. Msikilizaji wa Dar es Salaam anayelalamika foleni ya Ubungo ajaribu kufikiria safari ya kwenda hospitali inayongoja msafara wa polisi.

Subira ikaisha. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi na Rwanda, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi wengine wakiwa njiani. Nchi iliyopewa nishani kwa ukarimu ikafunga mlango. Mwezi Oktoba mwaka huo tukafanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na suala la wakimbizi halikuwa mbali na midomo ya wagombea wa huko. Mwanzoni mwa Desemba 1996, serikali ya Rais Mkapa pamoja na UNHCR zilitoa tangazo kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi ule.

Viongozi wa kambi walijua maana yake. Waliwaambia watu waondoke, lakini si kuelekea Rusumo. Tarehe 12 Desemba kambi zikaanza kumwagika kuelekea upande wa pili, ndani ya Tanzania, kwenye mapori, wengine wakisema wanakwenda Kenya au Malawi. Jeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza. Kisha ukaonekana msururu ule ambao picha zake bado zipo: barabara nzima imejaa watu wamebeba vitu vichwani, wanarudi darajani, na askari wamesimama pembeni. Karibu watu nusu milioni walivuka kabla mwezi haujaisha. Mashirika ya haki za binadamu yalilaumu, yakisema kuwarudisha watu kwa nguvu bila kumsikiliza kila mmoja ni kuvunja mikataba. Serikali ilijibu kwamba Rwanda sasa ina amani na kwamba wakimbizi walikuwa wakizuiliwa na viongozi wao wenyewe.

Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pima jambo hili, ndugu yangu. Mwezi Juni 1994 kumtoa mtu mmoja kambini ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Mwezi Desemba 1996 waliondolewa nusu milioni kwa majuma mawili. Kwa mmoja tulikosa nguvu, kwa wote tukaipata. Na katika kuwaondoa wote, mama wa watoto watano alivushwa daraja kwa mtutu wa bunduki, ilhali mwenye makosa alikwisha kujua vichochoro.

Ushahidi ninao. Tarehe 20 Juni 2001 Sylvestre Gacumbitsi alikamatwa. Unajua alikamatwa wapi? Si Paris, wala si Brussels. Alikamatwa katika kambi ya wakimbizi ya Mukugwa, mkoani Kigoma. Miaka saba baada ya Nyarubuye, na zaidi ya miaka sita tangu mahakama ipewe makao Arusha, alikuwa bado Tanzania, bado katika kambi ya wakimbizi. Kati ya mtuhumiwa na hakimu wake hapakuwa na mpaka wa nchi hata mmoja.

Haki, hata hivyo, ilitembea. Ilitembea kama kinyonga, lakini ilitembea. Jean-Paul Akayesu, naye burugumesitiri, alikamatwa Zambia mwaka 1995, na Septemba 1998 akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ile ya muda, alikamatwa Nairobi Julai 1997 akahukumiwa kifungo cha maisha. Gacumbitsi alihukumiwa miaka 30 tarehe 17 Juni 2004. Alipokata rufaa, na upande wa mashtaka nao ukakata, mwezi Julai 2006 adhabu ikawa kifungo cha maisha. Gatete alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi Machi 2011. Oktoba 2012 mahakama ya rufaa ilimpunguzia ikawa miaka 40, kwa sababu alikaa mahabusu zaidi ya miaka saba kabla kesi haijaanza, na huko ni kumvunjia haki yake.

Yawezekana unasikia hasira, unauliza: huyu naye ana haki gani? Hapo ndipo tunapotofautiana na umati wenye marungu. Mahakama ya Arusha ilifungua mashtaka dhidi ya watu 93. Ilipofunga milango yake mwisho wa mwaka 2015, watu 62 walikuwa wamehukumiwa na 14 wameachiwa huru. Kumi na wanne, msikilizaji. Wote walikuwa wametuhumiwa. Kama tungeendesha mambo kwa minong'ono ya kijiweni, hao nao wangekwisha zamani. Tuhuma si hatia, na ndiyo maana mtuhumiwa akikimbia hakuna anayefaidika, kwani hata asiye na kosa hubaki na doa ambalo hakuna wa kulifuta.

Na uhamisho nao ukirefuka sana huila haki yenyewe. Félicien Kabuga, tajiri aliyetuhumiwa kutoa fedha za mauaji yale, alitafutwa kwa zaidi ya miaka 20. Marekani iliweka zawadi ya dola milioni tano. Alikamatwa tarehe 16 Mei 2020 katika nyumba ya kawaida pembeni ya Paris, akiwa mzee. Mwaka 2023 majaji waliamua kwamba akili yake imedhoofika kiasi cha kutoweza kushtakiwa. Hakutiwa hatiani, wala hakusafishwa. Waliopoteza watoto wao walibaki bila jibu. Mtoro hukimbia mpaka haki inapochoka.

Benaco ya leo ni kituo cha magari makubwa. Madereva hupumzika pale wakielekea Kigali, Bujumbura na Congo. Pale Rusumo pana daraja jipya, ambalo Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua pamoja na kituo cha mpakani tarehe 6 Aprili 2016, miaka 22 kamili tangu ndege ile itunguliwe. Lakini swali halikuondoka. Mwezi Septemba 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliohesabiwa wahamiaji haramu waliondolewa Kagera, Geita na Kigoma, wakiwamo waliokuwa wamekaa nchini miongo mingi, wengine wameoa na kuolewa na wenyeji. Tulisema tunawatafuta majambazi. Kwa mara nyingine tukatumia jarife kumvua kambale mmoja.

Basi funzo ni lipi? Nalisema kwa ufupi. Ukarimu usio na macho huwapa wauaji ugali, na ukali usio na macho huwafukuza yatima. Nchi inayopokea wageni inahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: mlango ulio wazi, na mtu pale mlangoni anayeuliza kila aingiaye jina lake na kuandika. Si kwa ajili ya kumdhalilisha mgeni, bali kwa ajili ya kumlinda. Maana wa kwanza kuumizwa na Gatete na Gacumbitsi kule kambini hakuwa Mtanzania. Alikuwa ni yule mkulima wa Kinyarwanda aliyetaka kurudi kwao akalime, akaogopa kusema, kwa kuwa aliyemwonya asiseme ndiye aliyeshika kibaba cha mahindi.

Siku nyingine utakaposikia kwamba mtuhumiwa fulani anaishi raha mustarehe ugenini, usiulize tu amejificha wapi. Uliza nani anakula kwake, nani anamwogopa, na kama akikamatwa kesho asubuhi kuna hakimu wa kumsikiliza. Ukiyapata majibu ya hayo matatu, utakuwa umekwisha kujua anwani yake.